SOMO LA WIKI: Mungu Haogopi Kipimo

Andiko kuu: 2 Wafalme 20:1-7
Soma pia: Mithali 25:2, Zaburi 111:2, Danieli 1:8-16, Luka 17:11-19

 

Jumapili iliyopita, ibada ya pili ilipoisha, kijana mmoja wetu alinivuta kando. Amemaliza kidato cha nne, amefanya vizuri, na anataka kusomea kazi ya maabara. Akaniambia, "Pasta, shosho amekataa. Amesema wale watu wa sayansi wakishasoma sana huacha wokovu. Wewe unasema aje?"

Nilimpa jibu fupi pale pale mlangoni, lakini swali lake nikaenda nalo nyumbani, kwa sababu lilinikumbusha kosa langu mwenyewe. Mama anayehusika ameniruhusu kulieleza. Jina lake na la mtoto sitataja.

Miaka kadhaa iliyopita mama huyu aliniletea kijana wake wa miaka sita. Mtoto alikuwa ametoka kukaa kwa nyanya yake huko chini upande wa ziwa, na shavu moja lilikuwa limevimba. Wengine walisema ni jino, wengine wakasema ametupiwa kitu. Mama akaniuliza, "Pasta, nimpeleke hospitali kesho, ama tufunge kwanza?"

Nilimjibu, "Mama, tufunge kwanza."

Tukafunga siku tatu. Uvimbe ukaongezeka. Nikasema tuongeze siku saba, kwa maana niliona kama tukienda hospitali tutakuwa tumekubali kwamba maombi yetu yameshindwa. Wiki ya tatu meno ya mtoto yalikuwa yanacheza, na jicho limeanza kusukumwa nje. Jirani wa yule mama, mtu ambaye hata kanisani haji, ndiye aliita boda boda usiku na kuwapeleka.

Mtoto alitibiwa, na kwa neema ya Mungu yuko hai, anasoma. Lakini lile jicho halioni. Mama yake hakunisema vibaya kwa watu. Siku moja tu aliniuliza, "Pasta, zile wiki tatu sisi tulikuwa tunangoja Mungu, ama Mungu ndiye alikuwa anatungoja?"

Sikuwa na jibu. Somo la leo ndilo jibu langu, ingawa limechelewa.

1. DAKTARI ALIYEOMBA NA KUHESABU

Ugonjwa wa mtoto yule unaitwa saratani ya Burkitt. Umepewa jina la mtu. Nilipotafuta kujua huyo Burkitt ni nani, niliaibika zaidi, kwa sababu nilikuta ni ndugu yetu katika Kristo.

Denis Burkitt alizaliwa mwaka wa 1911 huko Enniskillen, Ireland ya Kaskazini. Akiwa na miaka 11 alipigwa jiwe wavulana walipokuwa wakirushiana, akapoteza jicho moja. Alianza kusomea uhandisi katika chuo cha Trinity, Dublin. Huko chuoni, katikati ya wanafunzi waliokuwa wakikutana kuomba na kusoma Biblia, aliyatoa maisha yake kwa Yesu, na baadaye akaacha uhandisi akaingia udaktari. Alipoomba kazi ya serikali huku Afrika, alikataliwa mara ya kwanza kwa sababu ya jicho moja. Baada ya vita kuu ya pili, mwaka wa 1946, akapata nafasi Uganda. Alianzia Lira, kisha akahamia Kampala, hospitali ya Mulago, akiwa daktari wa upasuaji.

Mwaka wa 1957, daktari mwenzake aitwaye Hugh Trowell alimwita amwangalie mtoto mwenye uvimbe pande zote za taya, juu na chini, kulia na kushoto. Burkitt alishangaa. Ingekuwa ni jino, ungevimba upande mmoja. Baada ya muda si mrefu alikwenda hospitali ya Jinja, akaona mtoto mwingine mwenye uso ule ule. Akampima tumbo, akakuta huko pia kuna uvimbe.

Hapo angeweza kusema, "Haya ni mapenzi ya Mungu," akaendelea na kazi. Hakufanya hivyo. Alirudi Kampala akafungua mafaili ya hospitali, akaanza kuhesabu: watoto wangapi, wa miaka mingapi, uvimbe uko wapi, wametoka wapi. Mwaka wa 1958 akaandika makala. Kisha akatuma karatasi zenye picha kwa hospitali nyingi za Afrika akiuliza, "Mmewahi kuona hii?" Majibu yalipokuja aliyaweka kwenye ramani.

Mwaka wa 1961 alinunua gari kuukuu, akafunga safari na madaktari wawili wa misheni, Ted Williams wa hospitali ya Kuluva kule Arua, na Cliff Nelson. Kwa wiki 10 walisafiri maili zipatazo 10,000, kutoka Uganda hadi kusini mwa Afrika, wakipita hospitali zaidi ya 50. Ted Williams alikuwa pia fundi wa magari, na kwa barabara za wakati ule bila shaka ufundi wake ulihitajika.

Waligundua nini? Kwamba ugonjwa huu uko mahali pa joto na mvua, na ukipanda milima haupatikani. Karibu na ikweta, ukishapita kama mita 1,500 kwenda juu, unapungua sana. Mpendwa, sisi hapa Eldoret tuko kama mita 2,100. Ndiyo sababu mtoto aliyekulia hapa hapa Langas bila kutoka ni vigumu kuupata, lakini anayekaa huko chini ambako mbu wa malaria ni wengi, anaweza. Kama ningejua hilo siku ile mama aliponiambia mtoto ametoka upande wa ziwa, nisingesema "tufunge kwanza."

Mwaka huo huo wa 1961 Burkitt alialikwa London kueleza aliyoyaona. Katika wasikilizaji alikuwepo mtafiti aitwaye Anthony Epstein. Alipomaliza kusikiliza aliomba atumiwe vipande vya uvimbe kwa ndege kutoka Kampala. Alijaribu miaka miwili bila kupata kitu. Mwisho wa 1963 ndege iliyobeba kipande kimoja ilizuiwa na ukungu, ikatua mji mwingine. Kilipofika, maji yake yalikuwa yamechafuka kama kitu kilichooza. Mtu mwingine angekitupa. Epstein aliweka tone moja chini ya darubini, akaona seli za uvimbe ziko hai zinaelea. Mwaka wa 1964, yeye na wenzake Yvonne Barr na Bert Achong wakatangaza kirusi kipya. Kilikuwa kirusi cha kwanza kujulikana kuhusika na saratani ya binadamu. Chanzo chake kilikuwa mtoto wa Uganda, na daktari aliyezoea kuanza siku yake kwa Biblia na maombi, kisha akashinda akihesabu.

Ona pia unyenyekevu wake. Mwanzoni Burkitt alidhani kuna mdudu anayebeba kirusi hicho kutoka mtoto mmoja hadi mwingine. Haikuwa hivyo. Kirusi chenyewe karibu kila mtu anacho, na wengi hakiwadhuru. Malaria ya mara kwa mara ndiyo hudhoofisha ulinzi wa mwili wa mtoto hadi saratani ipate nafasi. Ushahidi ulipokuja Burkitt aliufuata, hakupigania maneno yake ya jana. Sisi wahubiri tuna la kujifunza hapo.

Na tiba? Mulago hawakuwa na mashine za mionzi, kwa hiyo Burkitt alijaribu dawa. Watoto wengine walipewa dozi chache tu, uvimbe ukayeyuka, na wakakua. Leo madaktari wanajua kwamba huu ni ugonjwa unaoweza kupona, lakini uvimbe wake ni kati ya zile zinazokua haraka kuliko zote. Unaweza kuongezeka mara mbili kwa siku moja au mbili. Sasa hesabu mwenyewe wiki zangu tatu.

2. BIBLIA YENYEWE HUPIMA

Kuna mtu atasema, "Pasta, hayo ni ya wazungu. Neno linasemaje?" Twende kwenye Neno.

Hezekia (2 Wafalme 20). Mfalme ni mgonjwa wa kufa. Anaomba, analia. Kabla Isaya hajatoka uani, Mungu anamrudisha na jibu: nimekusikia, nitakuponya. Maombi yamejibiwa! Lakini soma mstari wa 7. Isaya anaagiza waletwe tini, ziwekwe juu ya jipu. Jibu la Mungu lilikuwa tayari limetoka, na dawa bado ikapakwa. Hezekia hakusema, "Kama Mungu ameniponya, tini ni za nini?" Mungu aliyesema neno ndiye aliyeumba tini.

Danieli (Danieli 1). Danieli anakataa chakula cha mfalme. Je, alimwambia msimamizi, "Amini tu"? Hapana. Alimwambia: tujaribu siku kumi. Sisi tule mboga na maji, wale wengine wale chakula cha mfalme, kisha utuangalie uso kwa uso na uamue kwa unachokiona. Huu ni utafiti, wapendwa. Una makundi mawili, una muda uliowekwa, una mtu wa nje wa kuangalia matokeo. Imani ya Danieli ilikuwa kubwa kiasi cha kukubali kupimwa.

Wale wakoma kumi (Luka 17). Yesu aliwatuma wakajionyeshe kwa makuhani. Katika sheria ya Musa, kuhani ndiye alikuwa na kazi ya kukagua ngozi na kutangaza kwamba mtu amepona. Yesu ndiye mponyaji, na ndiye aliyewatuma kwa mkaguzi. Uponyaji wa kweli haukimbii kipimo. Ukiombewa ukapona sukari, mashine ya kliniki itaonyesha, na ushuhuda wako utakuwa na nguvu zaidi.

Na Luka mwenyewe, aliyetuandikia habari hizi, Paulo anamwita tabibu mpendwa (Wakolosai 4:14). Anapoanza Injili yake anasema wazi kwamba alichunguza mambo yote kwa makini tangu mwanzo (Luka 1:1-4). Roho Mtakatifu alimtumia daktari mwenye tabia ya kuchunguza.

3. WAAMINIO WALIOANDIKA WALICHOKIONA

Burkitt hakuwa peke yake. Johannes Rebmann alikuwa mmisionari kule Rabai, nyuma ya Mombasa. Tarehe 11 Mei 1848, akiwa safarini kwenda Uchaga, aliona weupe juu ya mlima Kilimanjaro. Aliuliza wenyeji, akafikiri, akaandika kwamba ni theluji. Habari zilipofika London, kuna msomi mkubwa wa jiografia ambaye hakuwahi kukanyaga huku, akamcheka. Alisema theluji karibu na ikweta haiwezekani. Mwaka uliofuata mwenzake Rebmann, Ludwig Krapf, akauona Mlima Kenya, nao una theluji. Zaidi ya miaka kumi ikapita ndipo wasafiri wengine walipopanda Kilimanjaro na kukubali kwamba mmisionari alisema kweli.

Siku ile, ni nani aliyefuata sayansi? Ni yule mhubiri aliyeangalia akaandika alichokiona. Msomi ndiye aliyeshikilia wazo lake na kukataa kuangalia. Kwa hiyo ugomvi mara nyingi hauko kati ya Biblia na maabara. Uko kati ya mtu anayekubali kufundishwa na mtu mwenye kiburi, na kiburi kinakaa kanisani na chuoni pia.

Huko Cambridge, Uingereza, kuna maabara maarufu ya fizikia iitwayo Cavendish. Profesa wake wa kwanza, James Clerk Maxwell, alikuwa Mkristo wa kuomba. Juu ya mlango wa jengo lake la zamani waliandika mstari wa Zaburi 111:2, ule unaosema juu ya ukuu wa kazi za Bwana na watu wanaozichunguza kwa furaha. Na katika siku zetu, daktari Francis Collins wa Marekani aliongoza kazi ya kusoma maandishi yote ya chembe za urithi za binadamu, kazi iliyokamilika mwaka wa 2003. Collins hakuzaliwa ameokoka. Alikuwa haamini kuna Mungu, na akamwamini Kristo akiwa tayari daktari.

Kwa hiyo nimemwambia yule kijana, na shosho akisoma karatasi hii asikie pia: mwende mkamwandikishe. Ni kweli wako waliosoma wakaacha wokovu. Wako pia waliofanya biashara wakaacha, na waliooa wakaacha. Hatukufunga maduka wala hatukukataza harusi. Tunachofanya ni kumwombea mtoto, kumtembelea, na kutomdanganya. Kijana akifundishwa hapa kwamba darubini ni ya shetani, siku atakapochungulia ndani yake na kuona uzuri wa kazi ya Mungu, atadhani sisi ndio waongo. Na hapo atakuwa na haki.

4. KILA KITU NA MAHALI PAKE

Nisieleweke vibaya. Sijaacha kuamini miujiza. Bado tunaweka mikono juu ya wagonjwa, bado kesha la Ijumaa lipo, bado Yakobo 5:14 iko kwenye Biblia yangu. Nimeona mambo ambayo siwezi kuyaeleza.

Lakini sayansi na imani zinajibu maswali tofauti. Sayansi ilimwambia Burkitt uvimbe unatokea wapi na dawa gani inauyeyusha. Haikuweza kumwambia kwa nini mtoto wa maskini wa Lira astahili kutafutiwa dawa kama mtoto wa gavana. Hilo alilipata kwa Yesu. Kwa upande mwingine, Biblia ilimwambia ampende yule mtoto, lakini haikumpa ramani ya ugonjwa. Ramani aliichora kwa kuhangaika barabarani wiki 10. Upendo ndio ulimtuma kuchora.

Kosa langu lilikuwa kufanya maombi kuwa mahali pa kupoteza muda. Tungeweza kuomba tukiwa ndani ya matatu. Tungeweza kufunga tukiwa kwenye benchi la hospitali, tukingoja majibu ya maabara. Mungu wa saa sita za usiku madhabahuni ni yule yule wa saa nne asubuhi kliniki.

5. HAPA KWETU LANGAS

Tulete somo nyumbani.

Maji. Wengi wetu tunatumia visima. Watafiti waliwahi kupima maji ya visima vya hapa Langas, na makala yao ikachapishwa mwaka wa 2007. Walikuta visima vingi viko karibu sana na vyoo, na maji yana vijidudu vya uchafu wa choo. Macho yetu hayaoni, lakini viko. Basi ombea maji, halafu uyachemshe au uyatie dawa. Kuomba bila kuchemsha ni kama kufunga mlango na kuacha dirisha wazi.

Dawa za kila siku. Kama unameza dawa za presha, sukari, kifafa, TB au ARV, usiache kwa sababu umeombewa. Nimesema hivi kutoka madhabahuni na sasa ninaandika. Mtumishi yeyote akikuambia utupe dawa zako ili uonyeshe imani, hata nikiwa mimi, usimsikize. Rudi kliniki upimwe. Kama Mungu amefanya, daktari ndiye atakayekupunguzia.

Watoto. Mtoto akivimba shavu au taya, meno yakilegea bila sababu, jicho likisukumwa nje, au tumbo likifura haraka, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo. Waambie wahudumu kama alikaa sehemu za malaria. Tuna baraka hapa mjini ya hospitali kubwa ya rufaa ya Moi, na hospitali ya watoto ya Shoe4Africa iliyofunguliwa mwaka wa 2015. Watu husafiri kutoka mbali kuja huku. Sisi ni nauli ya matatu tu. Kama nauli hiyo huna, niite au uite mzee wa kanisa wa eneo lako, hata saa nane ya usiku. Siku hizi tunakuja na maombi na pesa ya boda boda pamoja.

MASWALI YA USHIRIKA WA NYUMBANI

1. Soma 2 Wafalme 20:1-7. Kwa nini unafikiri Mungu aliagiza tini baada ya kusema atamponya Hezekia?
2. Kuna mtu katika familia yako aliyechelewa kutibiwa kwa sababu ya ushauri wa kanisa? Mnaweza kumsaidia aje bila kumhukumu?
3. Danieli alikubali imani yake ipimwe kwa siku kumi. Ni jambo gani katika maisha yako unaogopa lipimwe?
4. Ni mtoto gani katika ushirika wenu anayependa masomo ya sayansi? Mtamtia moyo kwa njia gani wiki hii?

TUOMBE

Baba, umetupa macho ya kuona na akili ya kuuliza. Utusamehe sisi viongozi pale tulipowazuia watu wako wasipate msaada uliokuwa umeuweka karibu. Uwabariki madaktari, wauguzi na watu wa maabara, wanaokujua na wasiokujua bado. Uinue kutoka Langas vijana watakaochunguza kazi zako kwa furaha na kulitukuza jina lako. Na kwa kila mtoto aliye mgonjwa wiki hii, tupe imani ya kupiga magoti na haraka ya kuinuka. Katika jina la Yesu, amina.

Jumapili tutamwombea kijana wetu anapoanza safari yake ya chuo. Yule mama na mwanawe watakuwepo. Mtoto mwenyewe ndiye ameomba asome andiko.